Huyo panya yuko wapi?

Mtoto wa kidato cha pili akikwama kwenye kifungu cha Kiingereza, mara nyingi hakwamishwi na neno gumu. Neno gumu analiona kutoka mbali, analipigia mstari, anauliza. Kinachomwangusha ni maneno mepesi, aliyoyajua tangu shule ya msingi, yakikaa pamoja na kusema jambo jingine kabisa. "At" anaijua. "Large" anaijua. Halafu anasoma gazetini kwamba mtuhumiwa wa wizi "is still at large", anaandika kwenye daftari kwamba mwizi bado ni mkubwa, na anaendelea na sentensi inayofuata bila wasiwasi wowote.

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tanga. Jumamosi asubuhi hukaa na vijana wachache wa kidato cha pili na cha tatu, wengine wa shuleni kwangu, wengine wameletwa na wazazi waliosikia kwa majirani. Tunasoma tu. Kila mmoja anapewa karatasi yenye kifungu kifupi, na mara nyingi nimekiandika mwenyewe usiku wa Ijumaa kwa sababu nataka kiwe na mambo ya huku kwetu: saruji, mashua, mwenye nyumba, mvua za masika. Vijana hawa wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta baiolojia, jiografia na historia zote zimegeuka Kiingereza. Kwao kusoma lugha hii si anasa, maana karibu masomo mengine yote yanapitia hapo hapo. Ndiyo sababu semi na nahau sizichukulii kama pambo la somo.

Mwaka 2011 Ron Martinez na Victoria Murphy walichapisha utafiti walioufanya kwa watu wazima wa Brazil wanaojifunza Kiingereza. Waliwapa vifungu vilivyojengwa kwa maneno yale yale ya kawaida kabisa, ila katika vifungu vya upande mmoja maneno hayo yaliungana kuwa semi ambazo maana yake huipati kwa kutafsiri neno moja moja. Uelewa ulishuka. Lakini lililonikaa moyoni ni jingine: wasomaji walidhani wameelewa zaidi ya walivyoelewa. Hawakujua kwamba hawajui. Watafiti wa usomaji hupenda kusema kwamba msomaji anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ya kifungu ili aelewe bila msaada. Sasa mtoto wangu wa "at large" alijua maneno ya sentensi ile yote, asilimia 100, na bado hakuambulia kitu.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mtoto kubashiri maana, namfundisha kushtuka.

Kushtuka ni kazi. Inataka mtoto aamini kwamba kifungu kina akili, kwamba aliyekiandika hakuwa anaropoka. Mwizi bado ni mkubwa, sawa, kwani ulitegemea apungue? Na kwa nini polisi wahangaike kututangazia ukubwa wake? Sentensi ya tatu ya habari ile ile inamwomba yeyote mwenye taarifa afike kituo cha polisi kilicho karibu. Taarifa za nini, kama mtu wenyewe wanaye? Mtoto akishajiuliza hilo, jibu linakuja lenyewe: hawanaye. Yuko mitaani, hajakamatwa. Nimeona vijana wakifika hapo kwa kujibizana wao kwa wao, mimi nikiwa nimenyamaza, na sijui furaha ya darasani inayozidi hiyo.

Tatizo ni kwamba shuleni tumewazoesha kinyume chake. Mtoto akisoma Kiingereza na kikatoka kitu kisicho na maana, anadhani ndivyo Kiingereza kilivyo, au anadhani kosa ni lake, ananyamaza. Kwa Kiswahili asingekubali. Ungemwambia kwa Kiswahili kwamba polisi wametangaza mwizi bado ni mkubwa, angekucheka papo hapo.

Nieleze kikao kimoja, kwa sababu ndicho kilichonipa swali ninalolitumia mpaka leo. Kifungu kilikuwa cha mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na katikati yake kulikuwa na sentensi hizi: "The stranger bought ten bags of cement and did not ask the price. Juma smelled a rat. He held every note up to the light."

Nikauliza Juma amefanya nini. Kijana aliyekaa dirishani akasema Juma amesikia harufu ya panya dukani. Mwenzake akamuunga mkono, akasema maduka ya saruji yana panya kweli, hata la mjomba wake wamo. Sikuwakatalia. Nikawauliza tu, "Haya wanangu, huyo panya yuko wapi sasa?"

Wakarudi kwenye karatasi.

"Hayupo, Madam."

"Amekimbia?"

"Haikuandikwa."

"Juma amemfukuza? Ameita paka? Ametega mtego?"

"Hapana, Madam. Ameangalia noti kwenye mwanga."

"Mtu akinusa panya, anaangalia noti?"

Wakatulia kidogo. Kisha binti mmoja, ambaye siku nyingi hukaa kimya, akasema, "Anaona hela ni feki." Nikamuuliza amejuaje. Akajibu kwa hasira kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi: nani ananunua mifuko kumi ya saruji bila kuuliza bei? Baba yake anauliza bei hata ya kiberiti. Basi akaweka kidole kwenye karatasi, akasema, "Machale yamemcheza!"

Machale yamemcheza. Hakuna kamusi ambayo ingempa kitu bora kuliko hicho, na alikitoa mwenyewe, kwa kutazama sentensi ya kabla na sentensi ya baada.

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja ambayo sijaikuta ikifundishwa hivi kwenye vitabu vyetu vya darasani. Kitu halisi kikitajwa ndani ya kifungu huacha nyayo. Panya wa kweli atakimbia, atatafuna gunia, mtu atapiga kelele, paka atatokea. Panya wa nahau hutajwa mara moja akatoweka, na kinachobaki baada yake ni watu na hisia zao. Kwa hiyo ukikutana na mnyama, chombo, kiungo cha mwili au hali ya hewa iliyotokea ghafla katikati ya mambo mengine, mfuatilie sentensi mbili mbele. Kama haonekani tena, jua umekutana na usemi.

Kwa uzoefu wangu msaada mwingi unakuja baada ya usemi kuliko kabla yake. Hili linawashangaza watoto, kwa sababu wamefundishwa kwamba ukifika usichokijua unasimama. Mimi nawaambia pita. Soma hadi mwisho wa aya, halafu rudi. Hata maswali ya mtihani wa taifa yanapouliza maana ya fungu la maneno, huandika "as used in the passage", na mwanafunzi mwenye haraka hayaoni maneno hayo matano. Yanamwambia kwamba jibu limo humo humo kwenye kifungu. Halimo kichwani mwake wala kwenye orodha aliyokariri.

Tazama na viunganishi pia. "But", "although", "so", "because" ni vidogo, watoto huviruka, na ndivyo vinavyoonyesha upande ambao usemi umeelekea. Ukisoma kwamba mama fulani alicheka na wageni wote jioni ile, "but" moyoni alikuwa hivi au vile, huhitaji kujua neno lolote la hivi au vile ili ujue kwamba moyoni mambo hayakuwa mazuri.

Hilo la upande nalisisitiza sana. Maana kamili inaweza kusubiri. Kwanza mtoto aseme: hapa pana heri au pana shari? Mtu huyu amepanda au ameshuka, amefurahi au amechoka? Nikawapa safari ya basi: jua kali, mtoto analia, kondakta anasimamisha gari kila penye mtu mwenye mzigo, na walipofika Korogwe yule dada "was at the end of her tether". Hakuna aliyejua "tether". Wote walijua kuna shari. Mmoja akasema amechoka, mwingine akasema amechoka na kuchoka kwenyewe, wa tatu akasema uvumilivu umemwishia. Hapo tena nikawaeleza kwamba "tether" ni kamba ya kumfungia mnyama malishoni, na wale wa kutoka vijijini, Pongwe na huko mbele, wakaelewa mara moja, maana mbuzi aliyemaliza majani yote ndani ya duara ya kamba yake wanamjua, wanajua na anavyopiga kelele. Ila nikumbushe mpangilio: maana waliishaipata kabla ya mbuzi. Picha ilikuja kuikaza.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu picha ina hatari zake ukiitanguliza. Chukua "break the ice". Mtoto wa Tanga barafu anaijua vizuri. Ameiona Deep Sea, sokoni kwa samaki, inapondwapondwa na kumwagwa juu ya samaki wasiharibike. Kwake kuvunja barafu ni kuhifadhi, au ni kujiandaa na biashara. Waliotunga usemi ule walikuwa watu wa nchi za baridi, ambako mto ukiganda mashua haipiti mpaka mtu aivunje barafu na kufungua njia. Watoto wawili wenye picha mbili tofauti, na wote wamevunja barafu kweli kweli. Lakini ukisoma kifungu, mkutano umeanza, wageni wamekaa kimya, kila mtu anatazama viatu vyake, mzee mmoja anasimulia habari ya punda wake, watu wanacheka, mazungumzo yanaanza. Kwa ushahidi huo, kilichovunjika ni ule ukimya, na picha ya barafu haihitajiki hata kidogo.

Nahau nyingine imepita kwenye maandiko. Kuponea "by the skin of one's teeth" kumetoka kitabu cha Ayubu, sura ya 19, na Biblia ya Kiswahili nayo inayo ngozi ya meno. Wanaokwenda kanisani wengine hulikumbuka, wenzao Waislamu hawalijui, na wote hulipata sawasawa pale kifungu kinapoonyesha mtu anaruka kutoka kwenye mashua inayozama akishika kamba kwa vidole.

Sasa niseme jambo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika juu. Ujuzi huu watoto wanao. Hatuwapi sisi. Wamekuja nao.

Siku moja niliacha Kiingereza kabisa nikawaandikia ubaoni kwa Kiswahili: Kila alipopita kijiweni walimwita Mheshimiwa. Walimsifia shati, wakamsifia viatu, wakamsifia hata kikohozi chake. Hakujua kwamba wanamvisha kilemba cha ukoka. Fedha zilipomwishia, salamu nazo zikaisha. Nikauliza kilemba cha ukoka ni nini. Hakuna aliyewahi kuusikia usemi huo, au waliousikia walikuwa hawaukumbuki, na wengine hata ukoka kwamba ni majani hawakuwa na hakika. Lakini mikono ikanyooka yote. Wanamsifu uongo! Wanamlia hela zake! Nikauliza mmejuaje, wakanitajia ushahidi wenyewe bila kusukumwa: kikohozi hakisifiwi na mtu mwenye nia njema, na salamu za kweli haziishi fedha zikiisha.

Hicho ndicho walichokifanya wangali wadogo, walipomsikia bibi akisema fulani amepata jiko na wakaona ngoma, pilau na bibi harusi, wakajua kwamba hazungumzii mafiga. Hakuna aliyewafungulia kamusi. Walisikiliza, wakatazama nani anafanya nini, wakapata. Mtoto yule yule, ukimpa karatasi ya Kiingereza, anaiacha akili hiyo mlangoni, kwa sababu tumemfundisha kwamba Kiingereza kinasomwa neno baada ya neno na kamusi mkononi. Linaniuma hili. Tunamnyang'anya mtoto kitu alichokuja nacho, halafu tunamlaumu kwa kukosa hicho hicho.

Ndiyo maana siwapi watoto orodha za nahau za kukariri. Najua orodha zinapendwa, na vitabu vya kujiandaa na mitihani vimejaa "kick the bucket" na "raining cats and dogs". Mtoto anaweza kusoma magazeti na vitabu mwaka mzima asikutane na mvua ya paka na mbwa hata mara moja. Atakutana na "in the long run", "bring about", "take into account", "put up with", ukurasa hadi ukurasa, kwenye jiografia, kwenye historia, kila mahali. Hizo hazimo kwenye orodha kwa sababu hazina picha ya kuchekesha, na ndizo zinazomwangusha.

Siwezi kusema muktadha unatosha siku zote. Kuna mahali unadanganya, na mtoto lazima aonywe mapema. Magazeti yetu ya Kiingereza, ya hapa na ya Kenya, hupenda kuuita mradi fulani "a white elephant". Mwanafunzi akisoma kwamba soko jipya limegharimu mabilioni na ni tembo mweupe, akasimama hapo, atasema limesifiwa: tembo ni mkubwa, weupe ni uzuri, mabilioni si mchezo. Kila alichokiona kinamuunga mkono. Inabidi asome mpaka mwisho aone kwamba wafanyabiashara bado wanauzia barabarani na vizimba vya soko ni vitupu, ndipo ajue kwamba hiyo ni lawama. Hadithi inayosimuliwa ni ya wafalme wa Siam, Thailand ya leo, kwamba mfalme alimpa mtu asiyempenda tembo mweupe: mnyama mtukufu, hafanyishwi kazi, hauzwi, na anakula mpaka mali ya mwenyewe iishe.

Na kuna semi zinazogeuka kwa kuvuka bahari. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tulichokirithi, "to table" hoja ni kuileta mbele ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Churchill mwenyewe, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alieleza jinsi wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya hati moja kwa sababu ya kitenzi hicho, kumbe pande zote mbili zilitaka kitu kimoja, hati ijadiliwe haraka. Mwanafunzi anayesoma habari za Bunge letu asubuhi na habari za Marekani jioni kwenye simu yake anakutana na neno moja lenye maana mbili zinazopingana. Hapo namfundisha kuuliza swali moja la ziada: anayesema ni nani, na yuko wapi?

Kamusi tunayo. Iko mezani, na ina kazi yake, ila zamu yake ni ya mwisho. Kijana anaandika kwanza ubashiri wake kwa kalamu, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na pembeni anaandika neno la kwenye kifungu lililompa ushahidi. Hapo tena ndipo tunafungua. Akiifungua mwanzo, kwanza hajui aitafute wapi, kwenye "smell" au kwenye "rat", na akiipata anapewa maana tatu za kuchagua asijue inayofaa ni ipi. Programu za kutafsiri za kwenye simu nazo, nyingine zimekuwa nzuri sana siku hizi, zinampa jibu lakini hazimwachii chochote cha kutumia kwenye chumba cha mtihani, ambako simu haiingii. Aliyebashiri kwanza anakuja kwenye kamusi akiwa na la kulinganisha. Nimewaona wakibishana na kamusi, wakisema maana yake ni pungufu kwa kifungu kile, na mara nyingine wana haki.

Wazazi kadhaa wameniuliza wafanyeje nyumbani, na wengi wao Kiingereza chao si kikubwa. Hakihitajiki kiwe kikubwa. Mpe mtoto kifungu hiki nilichokiandaa kwa ajili ya Jumamosi ijayo, ufunike kamusi:

"Four men hired a boat together. Three of them rowed, mended the nets and carried the fish to the market. Hamisi did not pull his weight. When the money was shared out, nobody called him."

Usimuulize maana. Muulize kwanza kama kuna mizani mahali popote kwenye hadithi, na kama kuna mtu anayepimwa kilo. Kisha muulize wale watatu walikuwa wanafanya nini Hamisi alipokuwa hafanyi. Akikwama, msomeshe tena sentensi ya mwisho, polepole, amwambie mzazi wake kwa nini Hamisi hakuitwa.